Maneno Chini ya Viti

Watu wananiita Mzee Kamusi. Walianza kuniita hivyo kwa kunicheka, nami nikalipokea jina kama mtu anavyopokea zawadi, basi kicheko kikawaishia mdomoni. Kazi yangu ni useremala. Elimu yangu niliipata jioni, nikiwa na mvi tayari, kwenye darasa la watu wazima ambako tulikalia madawati ya watoto, magoti yakitugonga videvu. Wenzangu waliacha mmoja mmoja, kila aliyeweza kuandika jina lake akaaga. Mimi nilibaki. Nilitaka Kiingereza, na si kile cha njoo na nenda ambacho kila mtu anacho. Nilitaka kile cha juu, chenye maneno marefu ambayo daktari na hakimu huyatumia wakitaka tusielewe.

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa na sheria moja. Neno jipya, alisema, liandikeni, liandikieni maana kwa Kiswahili, kisha litungieni sentensi juu ya mtu mnayemjua. Sentensi juu ya mfalme utaisahau kesho. Sentensi juu ya shemeji yako hutaisahau kamwe. Alisema kweli tupu. Neno "indolent", yaani mvivu wa kupindukia, nilijifunza kwa kumtumia shemeji yangu, na hadi leo nikimwona tu neno linanijia kabla ya salamu.

Sasa, karakana si mahali pa karatasi. Karatasi ikiingia humo, kabla ya saa sita mchana imeshapakwa gundi na kukanyagwa. Lakini mbao zipo, na penseli iko nyuma ya sikio. Kwa hiyo nilizoea kuandika maneno yangu upande wa chini wa vitu ninavyotengeneza, kule ambako jicho la mteja halifiki. Kila nilipokigeuza kiti kukipiga msasa au kukaza maungio, nililisoma neno. Kiti kikiisha, neno limeshaingia kichwani. Kiti kinakwenda zake, neno linabaki. Ndiyo maana naweza kusema bila majivuno kwamba mji huu wote umekalia msamiati wangu. Kuna mwanasheria mmoja amekalia "mendacious", yaani mwongo wa kuzaliwa, tangu afungue ofisi yake, na anamwambia kila mtu kwamba kiti kile kimemponya mgongo.

Sikuwahi kupata lalamiko. Mtu mzima mwenye heshima zake hageuzi kiti miguu juu. Hivyo ndivyo nilivyoamini kabla ya kumjua Matroni.

Matroni alikuwa amestaafu hospitali, alikoongoza wauguzi miaka mingi, na kustaafu kwenyewe alikuwa hajakuzoea. Alikuja kuagiza viti sita vya meza ya chakula. Mteja wa kawaida anaagiza, anaondoka, tunaonana siku ya kuchukua. Matroni alirudi kesho yake. Akarudi kesho kutwa. Alikuwa anapitisha kidole juu ya mbao, kisha anakitazama kidole.

"Fundi, mbao hii ina fundo."

"Mama, fundo ni urembo wa mbao."

"Mgonjwa wangu akiwa na uvimbe siuiti urembo. Badilisha."

Nilibadilisha. Siku nyingine nilitoka kidogo kununua misumari, niliporudi nikamkuta ameshika ufagio wangu anafagia karakana yangu, na mafundi wawili wa jirani wamesimama mlangoni wanashuhudia.

"Nilikuwa natafuta sakafu," aliniambia. "Nimeipata. Ilikuwa chini ya takataka."

Nitajizuia vipi, mtu ninayejifunza? Mwanamke huyu alikuwa darasa linalotembea kwa miguu. Kwenye kiti cha kwanza niliandika "officious", anayejitia kuongoza mahali ambapo hakuitwa, na sentensi yake: mama huyu ni officious kuliko askari wa barabarani. Kwenye cha pili "fastidious", asiyeridhika kwa jambo lolote. Cha tatu "implacable", asiyetulizika hata kwa chai. Cha nne "supercilious", anayewatazama wenzake kama mtu aliyeona mende. Cha tano nikamwandikia "vociferous", mwenye kelele. Sikumbuki nimewahi kujifunza kwa kasi ile.

Cha sita kilimalizika siku moja ambayo alifika amechoka. Hakugusa kitu. Alikaa juu ya kiti hicho, vanishi ikiwa imekauka asubuhi ileile, akavua viatu, akasema, kama anayezungumza na miguu yake, kwamba tangu aanze kazi hakuwahi kula chakula cha mchana akiwa amekaa. Wauguzi wanakula wamesimama. Mumewe alifariki mtoto angali mdogo, na nyumbani nako alikula amesimama, sufuria mkononi. Sasa anataka viti. Kisha akavaa viatu, akaniambia mguu wa nyuma umepinda, jambo ambalo si kweli, akaondoka. Nikaandika neno la sita upesi upesi, nikapeleka viti vyote sita nyumbani kwake, nikashukuru kwamba yamekwisha.

Yalikuwa hayajaanza.

Bintiangu ni mtu wa duka la dawa, makini, hana maneno mengi. Hakunifuata mimi. Alikuwa amekwisha kukataa wachumba wawili na kuachwa na mmoja, na mimi na mama yake tulikuwa tumeacha kuuliza. Jioni moja akaja na kijana mpima ardhi, mpole, mwenye tabia adimu ya kusikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Nilimpenda papo hapo. Nilimweleza habari za Kiingereza cha juu kwa muda mrefu na hakuangalia saa hata mara moja. Alipoondoka, nilimuuliza bintiangu wazazi wake ni nani.

"Ana mama tu, na unamfahamu, Baba. Ulimtengenezea viti."

Nilikaa. Bahati nzuri kulikuwa na kitu cha kukalia.

Bintiangu akaendelea, uso unang'aa, hajui lolote. Jumapili tumealikwa chakula cha mchana. Mama yake anataka kutuona sote kabla ya kutoa neno lake. "Na akisema hapana, ndiyo basi," alisema, na hapo uso ukapungua mwanga. "Yeye hawezi kuoa bila radhi ya mama yake. Amelelewa na mtu mmoja, Baba, siwezi kumlaumu. Kwa hiyo naomba siku hiyo, tafadhali, usiongee sana."

Alipokwenda kulala nilimweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Aliacha.

"Umeandika hayo yote kwenye viti vyake?"

"Wakati ule alikuwa mteja tu."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Ah, basi afadhali."

"Na maana kwa Kiswahili."

"Maana kwa Kiswahili ya nini, baba watoto?"

"Ndiyo sheria ya mwalimu."

Mke wangu alikikunja kitambaa kilichokuwa mkononi mpaka kikawa kidogo kama sabuni. "Huyo mwalimu wako," alisema, "akae mbali na mimi."

Tulipanga mpango. Mimi nitaweka msasa mfukoni mwa koti. Yeye atamwomba Matroni awaonyeshe bustani, wote watoke, mimi nibaki nikisingizia goti. Kupangusa penseli chini ya kiti ni kazi ndogo. Viti sita vingekwisha kabla hawajamaliza kusifia maua.

Jumapili tulifika. Nyumba ilikuwa safi hadi inatisha. Viti vyangu vilikuwa vimezunguka meza, na hata katika hofu yangu niliona kwamba ni viti vizuri. Matroni alinipokea kana kwamba tunaonana kwa mara ya kwanza.

"Karibu, Fundi. Kaa pale."

Mke wangu hakupoteza muda. "Mama, nimesikia una bustani nzuri sana, tungependa..."

"Mgeni hatembezwi na njaa," alisema Matroni. "Tukae."

Tukakaa. Tulikuwa watu watano: mimi na mke wangu, bintiangu, kijana, na Matroni kichwani pa meza. Kiti cha sita kilikuwa kitupu ubavuni mwangu. Nikaona hapo pana pa kuanzia. Chakula kilipopakuliwa na watu wakaanza kusifu, nikaangusha kijiko, nikazama chini ya meza kukitafuta.

Kulikuwa na mwanga wa kutosha. Nilitoa msasa, nikainua macho chini ya kile kiti kitupu, na mwandiko wangu ukanitazama: "vociferous", mwenye kelele. Chini yake kulikuwa na mwandiko mwingine. Ulikuwa wa kalamu ya buluu, wa mviringo, ulionyooka kama unavyoonekana kwenye chati za wagonjwa. Ulisema: "Loquacious: mwenye domo lisilo na breki. Fundi wa viti hivi ni loquacious." Pembeni kulikuwa na tarehe na saini, kana kwamba nimeandikiwa dawa.

Niliinuka ghafla, nikagonga meza kwa kichwa. Glasi zikalia.

"Pole, Mzee," alisema kijana.

"Umekipata kijiko?" aliuliza Matroni.

"Nimekipata."

"Umechelewa. Nikadhani labda umepata kitu cha kusoma huko."

Bintiangu akacheka kwa adabu, akidhani ni mzaha wa kawaida. Mke wangu akanitazama. Nami nikala chakula ambacho hadi leo siwezi kukueleza kilikuwa nini.

Mtu mwenye akili timamu angetulia hapo. Lakini nilikuwa nimekalia kiti, na chini ya kiti hicho kulikuwa na kitu nilichoandikiwa, na sikukijua. Jaribu wewe kukaa hivyo. Nilivumilia mpaka sahani za kwanza zikaondolewa, kisha nikasema kwamba nimesikia mguu wa kiti changu unalia, ngoja niuangalie.

"Kiti chako hakilii," alisema Matroni.

"Sikio la fundi husikia mapema," nikasema, nikazama tena.

Changu kilikuwa "supercilious". Chini yake kalamu ya buluu ilisema: "Dilatory: mchelewesha kazi. Fundi aliahidi Jumatatu akaleta Ijumaa. Fundi ni dilatory."

Hapo ndipo niliposahau kilichonileta. Niliahidi Jumatatu, ndiyo, na nikaleta Ijumaa, ndiyo, lakini wiki ile mvua ilinyesha mfululizo na vanishi haikauki kwenye unyevu. Mtu yeyote anayejua kazi anajua hivyo. Yule mama alikuwa amekuja karakana akiwa na mwavuli mkononi! Msasa ulikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe nyuma ya sikio, ukashika penseli, na nilikuwa nimelala chali naandika "Vanishi haikauki kwenye mvua na wewe unajua" wakati kitambaa cha meza kilipoinuliwa.

Ulikuwa uso wa bintiangu.

"Baba, unafanya nini?"

Akaingia chini, akapiga magoti, akasoma. Ana macho mazuri, amezoea maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Alisoma changu, akasoma cha buluu, akageuka akasoma cha kiti kitupu. Alichukua muda.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wa juu ni wangu," nilisema. "Wa chini ni wa mama mkwe wako."

"Hatakuwa mama mkwe wangu," alisema bintiangu. Hakupaza sauti. Alikuwa anashika mguu wa kiti, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye mbao, kama alivyokuwa akifanya utotoni karakana akitaka kulia na hataki nimwone. "Nilikuomba jambo moja tu, Baba."

 

Nikatoka. Nikasimama, nikapangusa magoti, nikauweka ule msasa juu ya kitambaa cheupe cha meza, kando ya chumvi. Bintiangu alisimama nyuma yangu.

"Mama," nilimwambia Matroni, "nilikuja na huu."

"Nimeuona tangu mlangoni. Mfuko wako ulikuwa unamwaga vumbi kwenye zulia langu."

"Nilitaka kuyafuta."

"Na penseli ilikuwa ya nini?"

Nikatazama mkono wangu. Bado nilikuwa nimeishika. "Hii imekuja yenyewe," nikasema.

"Mimi nilimwambia," alisema mke wangu akiitazama chumvi.

Kijana alimtazama mama yake, akamtazama bintiangu, akauliza taratibu kama mtu anayeuliza habari za ajali: "Kuna nini huko chini?"

"Kuna masomo," alisema Matroni. "Kaa, Fundi. Nawe mwanangu kaa, usisimame kama unangoja sindano." Tukakaa. "Kila kitu kinachoingia nyumba hii nakigeuza. Viti niligeuza siku ileile vilipofika. Nikasoma. Nilikasirika sana. Niliazima kamusi kwa jirani ili nihakikishe kwamba nimetukanwa sawasawa, na nikaona kweli nimetukanwa, na maana umeziweka vizuri. Nikatafuta neno la kukujibu. Siku ya pili nikatafuta jingine. Siku ya tatu niliamka mapema."

"Mama, ulisema unasoma kwa ajili ya afya ya ubongo," alisema kijana.

"Sikukudanganya. Tangu nistaafu, hakuna mtu anayenijibu neno. Ndiyo Mama, sawa Mama, kaa Mama, pumzika Mama. Nikageuza kiti nikakuta mtu amethubutu." Alinielekezea kidole. "Usifikiri sijakasirika. Nimekasirika hadi leo. 'Fastidious' naikubali, hiyo ni kazi yangu. 'Supercilious' siikubali."

"Ulitazama kidole chako baada ya kugusa meza yangu," nikasema.

"Kwa sababu kilikuwa cheusi!"

"Ni vumbi la mbao, Mama, si ugonjwa!"

"Baba!" alisema bintiangu.

Nikafunga mdomo. Kisha nikaufungua tena, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo ilikuwa lazima nilimalize. "Mama, mimi niandikie unavyotaka. Viti sita bado vina nafasi. Lakini huyu binti hakuandika chochote. Hata Kiingereza changu hakipendi. Usimhesabie ya kwangu."

Matroni aliinuka, akakishika kiti chake mwenyewe, akakigeuza, akakilaza juu ya meza kati ya sahani, miguu ikitazama dari. Mke wangu aliwahi glasi mbili.

Nilikuwa nimesahau neno la sita. Ya matusi niliyakumbuka yote, na hilo moja lilinitoka. Lilikuwa pale kwa penseli yangu: "Indefatigable: asiyechoka, hata akichoka. Mama huyu ni indefatigable, na leo nimemwona amekaa." Chini yake hapakuwa na kitu. Mbao tupu.

"Hapa nilitafuta neno la kukujibu wiki nzima," alisema Matroni. "Sikulipata. Kwa hiyo nakikalia." Akamgeukia bintiangu. "Binti, baba yako mdomo wake unahitaji bendeji. Lakini viti vyake havilii, na siku nilipokaa karakana kwake mara moja tu, aliniona vizuri. Wewe umelelewa humo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na umeingia chini ya meza kumfuata, ugenini, na gauni jeupe."

"Ndiyo, Mama."

"Basi. Fundi, viti sita havitatosha tena nyumba hii. Niongezee viwili."

Kijana alielewa kwanza. Alicheka kwa sauti, jambo ambalo sikujua analiweza, akamshika bintiangu mkono juu ya meza, pembeni mwa miguu ya kile kiti. Bintiangu aliniangalia. Sitasema alinisamehe palepale. Aliniambia, "Baba, weka penseli mfukoni," na nikaiweka.

"Vya mbao isiyo na fundo," alisema Matroni. "Siku utakayoahidi iwe siku utakayoleta. Na maneno nitachagua mimi. Kiti cha kwanza utaandika 'magnanimous'."

Neno hilo nalijua. Ni mtu mwenye moyo mkubwa, anayesamehe anapoweza kulipiza.

"Maana utaiandika vizuri," alisema, "na sentensi iwe juu yangu."

Mke wangu alicheka hadi akaomba maji.

Hayo yalikuwa kabla mvua hazijaanza tena. Sasa viti viwili vimesimama karakana, vimepigwa msasa, maungio yamekazwa, vanishi inangoja jua. Matroni amekuja mara nne kutazama na amefagia mara mbili. Jana amekigeuza cha kwanza, akasoma neno, akasoma maana, akakiri kwamba maana ni sahihi.

"Sentensi iko wapi?" aliuliza.

"Bado naipima," nilimwambia.

Akapitisha kidole juu ya meza yangu, akakitazama, akakipangusa kwenye leso yake taratibu, bila kusema neno. Kwa mtu kama yeye hiyo ni juhudi kubwa, na mimi ni mtu wa haki. Nikashika penseli.